Masahihisho ya Mzee Ephantus

"Luggage, my dear," alisema Mzee Ephantus. "Not luggages."

Mkewe, Mama Jackie, alikuwa ameinama akisogeza mifuko ya sokoni. Aliinuka, akaitikia kwa kichwa. "Luggage. Thank you." Naliaka, aliyekuwa akimlisha mzee uji, alitamani kukitupa kile kijiko amwachie ajilishe mwenyewe.

Naliaka aliajiriwa kumtunza mzee huyo nyumbani kwake Makongeni baada ya kupigwa na kiharusi. Kila asubuhi alitoka mtaa wa Landless kwa miguu, akamwogesha, akamvisha, akamlisha. Mzee hakusema asante. Hakuomba maji. Hata binti yake Jackie alipokuja kutoka Ruiru, akampigia magoti na kumwita baba, baba, alimtazama kama mgeni aliyepotea njia. Kilichobaki kinywani mwake kilikuwa kitu kimoja tu: kumsahihisha mkewe Kiingereza.

Majirani waliiita nyumba hiyo kwa Mwalimu, na kabati la sebuleni lilijaa vitabu vya sarufi. Naliaka hakuhitaji kuuliza zaidi. Aliwajua walimu wa aina hiyo. Mmoja wao alimfanya aichukie shule.

Kilichomkera ni kwamba Mama Jackie hakuchoka kujipeleka. Mtu na mumewe, Wakikuyu wote wawili, kwani Kikuyu kiliwakosea nini? Lakini wapi, mama wa watu ni Kizungu asubuhi, Kizungu jioni, na kila sentensi ina shimo. "Let us discuss about supper," angesema, kisha asimame hapo na sufuria mkononi. Na mzee, ambaye hata neno la maji lilimshinda, angeinua kidole. "Discuss supper, my dear. No about." Hilo my dear ndilo lililomkata Naliaka maini.

Siku moja alimfuata jikoni.

"Mama Jackie, si umwongeleshe tu Kikuyu? Anakuaibisha mbele yangu."

"Kikuyu hanijibu."

"Basi wacha nikufunze. Mimi nilimaliza Form Four. Ukisema discuss, unaachia hapo."

Mama Jackie alicheka mpaka akafuta macho. "Asante, mami. Nitakumbuka."

Hakukumbuka. Jioni hiyohiyo alirudia kosa lilelile, na Naliaka akamkatia tamaa.

Mvua zilipoanza, mzee akaanza kudhoofika. Majibu yalikawia, mengine yakaishia nusu. Ungedhani Mama Jackie angeshukuru. Badala yake alizidisha: akosee kwenye chai, akosee kwenye dawa, akosee akifunga mapazia, na sauti yake ilikuwa na haraka ambayo Naliaka hakuielewa.

Jumamosi moja baada ya chakula, alipiga magoti mbele ya kiti cha mumewe.

"Baba Jackie, tomorrow I am going to pick Jackie from Ruiru."

Mzee alitazama dirisha.

"I am going to pick Jackie," alirudia, polepole, bila ile up ya pick up.

Alimshika mikono yote miwili. "To pick Jackie. Baba Jackie?"

Macho ya mzee yalipita juu ya kichwa chake yakarudi dirishani. Kidole hakikuinuka. Naliaka alishusha pumzi. Hatimaye mama wa watu angepata nafasi ya kuongea kwa amani nyumbani mwake.

"Afadhali," alimnong'oneza. "Leo hajakusahihisha."

Mama Jackie aliweka paji la uso kwenye goti la mumewe akalia kilio cha kufiwa. Naliaka alishtuka. Alimwinua, akamketisha, akamwambia asijilaumu, Kizungu ni lugha ya watu, makosa hayo hata yeye huyafanya.

"Hayo makosa si yangu," alisema Mama Jackie. "Ni yake. Ndivyo alivyokuwa akiongea tukichumbiana, akitoka kiwandani. Mwalimu wa Kizungu nilikuwa mimi, Naliaka. Kila neno alilonirekebisha nalo, nilimwambia mimi kwanza."