Kiatu cha Kushoto

"Keti basi, kaka," fundi viatu alisema, akimsogezea kigoda.

"Nikiketi, kuinuka ni kazi," kinyozi alijibu. Alijishikiza ukutani, akavua kiatu cha kulia.

Miaka mitatu iliyopita daktari alikifunga kifundo cha mguu huo kwa skrubu. Mifupa ikashikana, kifundo kikagoma kukunjika. Viatu vya madukani vyote vilimtoa machozi. Vya fundi huyu tu, vyenye soli iliyobinuka kama miguu ya kiti cha kubembea, ndivyo vilivyomwezesha kusimama kutwa akinyoa watu.

"Soli hii imekwisha. Nipe na cha kushoto."

"Hicho hakina neno, fundi."

"Lete. Kutazama ni bure."

Fundi alikipindua, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino. Upande wa nje ulikuwa umelika mshazari, laini kama kipande cha sabuni. Kinyozi aliutambua mshazari huo. Ndivyo cha kulia kilivyokuwa kikilika kabla hajapasuliwa.

"Mguu huu nao umeanza kuuma lini?"

"Hauumi," kinyozi alijibu upesi.

Kisha akakivuta kigoda, akaketi.