Uzi Mweupe Mfukoni

Uzi ule haukuwa wa kushonea nguo yoyote hapa duniani. Fundi cherehani aliunyoosha kwenye mwanga wa dirisha, akaunusa. Mwembamba, umepakwa nta, na unanukia mnanaa. Alikuwa ameutoa kwenye mfuko wa shati la mumewe, na mke anayekagua mifuko kabla ya kufua hatafuti sarafu.

"Huu wa nini?" alimuuliza jioni.

"Wa meno," alijibu mumewe, ambaye ndiye kinyozi wa mtaa. "Unaupitisha katikati ya jino na jino, unatoa mabaki ambayo mswaki hauyafikii. Nimekuwekea na wewe wako, pale kwenye sinki. Na mswaki mpya, laini."

"Tangu lini wewe na meno?"

"Kinyozi anaongea na watu pua kwa pua, mke wangu. Kinywa nacho ni kazi."

Jibu zuri. Zuri mno. Miaka yote hiyo alikuwa akinyoa watu pua kwa pua, na hakuna aliyekimbia kiti. Sasa kila asubuhi na kila kabla ya kulala alisugua meno taratibu, akizungusha mswaki kwenye fizi kama anayebembeleza mtoto, na mlango wa bafu ameuacha wazi. Kisha anakuja kitandani, anamtakia mkewe usiku mwema na kuugeukia ukuta. Hilo ndilo lililomchoma. Zamani walikuwa wakizungumza uso kwa uso mpaka mmoja asinzie.

Usafi wote ule kwa ajili ya nani? Ukuta?

Mswaki mpya hakuugusa. Mwanamume mwenye hatia huanza na zawadi, na yeye hakuzaliwa jana. Isitoshe, siku hizi fizi zake zilikuwa zikitoka damu kila akisugua, na fizi zikitoka damu dawa yake ni kuziacha zipumzike. Hivyo ndivyo alivyoamini. Kuhusu madaktari wa meno, mtaa mzima ulijua msimamo wake: kiti kile angekikalia akiwa maiti. Alitafuna karafuu, basi. Hata uzi wa cherehani, ambao maisha yake yote aliukata kwa meno, sasa aliukata kwa mkasi. Wivu ulikuwa umemla mpaka nguvu za taya zimemwisha.

Shoga yake wa cherehani ya pili, waliyezoea kuketi naye goti kwa goti, siku hizi alikuwa amehamishia kiti chake dirishani. Alisingizia joto.

"Mfuate, shoga," alimshauri kutoka huko mbali. "Kwani nani mwingine atakuambia ukweli?"

Ijumaa alimsikia mumewe akiongea na simu barazani, chini ya dirisha lake hasa. "Ndiyo, kesho asubuhi. Aa, mke wangu hajui lolote!" Wanaume hawa! Mwenye siri hunong'ona. Huyu alipaza sauti kama dalali mnadani. Fundi aliuma mto ili asilie, na jino likamuuma kuliko mto.

Kesho yake alimfuata. Goti lilimsumbua, lakini bahati ilikuwa upande wake: kila alipoachwa nyuma, mumewe aliinama kufunga kamba za viatu. Walipofika kwenye jengo lenye ngazi za saruji, mume aliingia na kuacha mlango wazi nyuma yake. Ujinga wa mwanamume aliyependa, fundi alijiambia, akaanza kupanda huku akishikilia ukuta. Katikati ya ngazi pumzi zikamwishia, akasimama. Matusi alikuwa nayo ya kutosha, ameyapanga tangu usiku. Ila pale peke yake alikiri kwamba hakuja kutukana. Alikuja kumchukua mume wake, maana bila yule mwanamume asingejua hata wa kugombana naye.

Akausukuma mlango wa juu. Mumewe alikuwa amesimama na mwanamke kijana, mrembo, mwenye koti jeupe. Walikuwa wakicheka, na meno ya yule mwanamke yalikuwa meupe kuliko koti.

"Kumbe ndiye huyu!" fundi alipiga kelele. "Ndiye unayemsugulia meno asubuhi na jioni!"

Hakuna aliyeshtuka. Mwanamke kijana alivaa glavu zake. Mumewe alikipangusa kiti kirefu kwa kiganja, kama anavyofanya mteja anapoingia, akakigeuza kumwelekea mkewe.

"Karibu, mama, keti," daktari alisema. "Mzee aliniambia ukialikwa huji, ila ukifichwa utafika mwenyewe."