Kidimbwi cha Afande

Watoto wa kambi ya polisi pale Jinja walikuwa wanaharisha damu, na dawa ya taifodi haikuwasaidia.

Phanice, mtafiti wa kichocho kutoka Mbale, alikuwa amechota konokono ziwani wiki mbili bila kupata hata mmoja mwenye ugonjwa. Leo alichota kwenye kidimbwi nyuma ya kambi, akamtia kila konokono ndani ya kichupa cha maji safi, akavipanga vichupa vyote juani. Konokono mwenye kichocho hutema vijidudu akipigwa na jua, navyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini.

"Daktari wa konokono!" afande mkuu wa kambi alimcheka. "Hicho kidimbwi nilikichimba mimi, watoto wasiende ziwani. Unapoteza wakati, madamu."

Karibu saa sita, maji ya kichupa cha saba yaliingia ukungu. Phanice alikinyanyua mbele ya sketi yake nyeusi. Vitone vyeupe vilikuwa vinapanda na kushuka, mamia kwa mamia, kama vumbi lenye uhai.

"Nimewapata!" alipiga kelele akirukaruka. "Afande, njoo uone! Nimewapata!"

Phanice aliweka tone la maji hayo kwenye hadubini yake, afande akainama kuchungulia. "Wana mikia," alisema. "Bwana wee, wanaogelea!"

"Yale majani ya kidimbwini uliyatoa wapi?"

"Ziwani. Nilitaka papendeze."

"Basi konokono waliingia nayo."

Afande alivua kofia. Pale kidimbwini watoto walikuwa wanarukia majini, wakicheka. Akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja.

Walikuwa kumi na wanne. Watatu walikuwa wake.