Aliyewekwa Katikati

Moreen alivua miwani ya jua kabla ya kubisha hodi, ili Safinah amwone machoni. Alikuwa amepanda mlima wa Kibuli kwa miguu, kajitanda leso kichwani, asitambuliwe na watu.

Miaka minne nyuma walilala chumba kimoja katika nyumba ya mazoezi kule Bukoto. Wasichana watano wa miaka ishirini na ushei, wakicheza dansi saa tisa kwa siku, wakipimwa uzito kila Jumatatu. Saverio, mwenye kampuni ya muziki, alitaka kikundi kama vile vya Korea: watano jukwaani, lakini mmoja asimame katikati, awe ndiye uso wa wote. Alimchagua Safinah. Hakuna aliyebisha, maana kwa sauti ya kuimba aliwapita mbali.

Simu zilikuwa marufuku mle ndani. Wiki moja kabla ya onyesho la kwanza, godoro la Safinah liliinuliwa, ikapatikana simu. Alipofukuzwa hakujitetea. Alifunga nguo zake, akamkumbatia kila mmoja, akaenda. Moreen akawekwa katikati.

Nyimbo zilishika. Picha ya Moreen ikabandikwa mji mzima. Yaliyompata katika safari za kikundi hakumsimulia hata mama yake. Aliyachukua kuwa adhabu, maana simu ile aliiweka yeye.

Safinah, ambaye sasa alifundisha chekechea, alimkaribisha mkekani na kumtilia chai. Moreen hakuigusa. Alieleza yote: wivu uliomnyima usingizi, simu kuukuu aliyoinunua mtaani Kyebando, jinsi alivyosubiri wenzake waende kuoga. Akasema hakuja kujitetea. Alitaka tu Safinah ajue ni nani aliyemharibia maisha, kisha amfukuze akipenda.

Safinah aliweka kikombe chake chini.

"Nilikuona ukiiweka," akasema.

Moreen aliinua uso. "Mbona hukusema?"

"Siku moja kabla, Saverio aliniita ofisini. Akaniambia, 'Anayesimama katikati hulala chumbani kwangu kila safari.'"

Alinyoosha mkono amshike Moreen, ukaishia njiani.

"Nilikuwa natafuta njia ya kutoka, dada. Ukaniletea wewe, nami nikakuacha uingie."