Mwongozaji wa Maua

"Usimkodolee macho, atashtuka," Dorothy alimnong'oneza mjukuu wake, Michelle, walipofika langoni.

Hifadhi yenyewe haikuwa kubwa: uwanja wa nyasi uliozungukwa na msitu wa Kakamega, umejaa maua ya mwitu ya manjano, meupe na ya zambarau. Lakini hawakuwa wamefuata maua. Walimfuata mwongozaji, Shikanga. Baba yake Michelle, aliyebaki kwenye miwa yake huko Kabras, alikuwa amesema kwamba kabla posa haijajibiwa, mtu huyu aangaliwe kazini kwake. Asipopita, mambo yaishe. Ndiyo maana Michelle alivaa miwani ya jua kama mtalii, na Dorothy akatoa sandukuni kitambaa chake cha Pasaka.

"Karibuni, wageni," Shikanga alisema, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Naye alijifanya hajui mtu.

Dorothy hakuacha kitu. Viatu vimepigwa rangi. Shati limepigwa pasi, kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kazi ya mtu anayeishi peke yake. Kwenye ubao wa kuvukia kijito, alimpa Dorothy mkono kwanza.

"Anajua kujipendekeza huyu," Michelle alicheka.

"Hiyo ni adabu, mama. Wacha maneno."

Katikati ya maua Michelle alisimama. "Nichumie lile la zambarau."

"Hapa hatuchumangi."

"Hata nikikuomba mimi? Na baba anangoja simu yangu?"

Shikanga aliangalia ua, akaangalia simu, halafu akamtupia Dorothy jicho la kuomba msaada. Dorothy akajifanya anatazama kipepeo.

"Hata wewe," Shikanga alisema taratibu. "Likichumwa leo, mwakani halina mbegu."

Dorothy alimsahau kipepeo. Ua moja tu, jamani. Mwanamume mzima anashindwaje kufumba macho kwa ua moja, siku kama hii?

Michelle alivua miwani, akasogea kando na kupiga simu.

"Baba, tumemwona. Huyu hayumbishwi, hata nikimtisha." Akasikiliza. "Mimi nimempitisha. Sasa na wewe acha ukaidi, mruhusu mama yako aolewe."