Jile ya Chef wa Bandari

Nilikuwa nimeshaweka muguu moja ndani ya boti ya kwenda Ubwari wakati Divine, binti yangu mwenye anaishi Kanada, alinipigia simu. Anaenda Tunisia kwa vakansi, kupumzika.

"Papa, serikali ya huku imetuandikia namna ya kujilinda kule. Usipande boti bila kuvaa jile ya kuelea."

Serikali yake inamuchunga mpaka kwa inchi ya wengine! Ya kwetu ilimuacha mama yake azame ndani ya ziwa hapa hapa Kazimia, hata pole hawakuleta.

"Na weye, papa, uko na jile?"

Nikaangalia. Bandari nzima iko na jile moja. Chef wa bandari, mukubwa wa hapa, ameikalia, sababu kiti chake ni kigumu.

"Muzee, panda ao uogelee!" akanipigia kelele. Batu bakacheka.

Nikatoa muguu ndani ya boti, nikamuendea.

"Chef, simama."