Pindo la Salha

Salha aliugua mwaka mzima, majirani wakanong'ona kuwa mtoto hakui tena. Alipopata nguvu za kurudi shule, mama yake alimpeleka kwa fundi cherehani na sketi yake ileile.

Fundi alimpima kiunoni hadi gotini, akarudia. "Ameongeza sentimita moja tu, Mama Salha. Mwache aivae hivi hivi, nani ataona?"

"Fumua pindo, fundi."

"Kwa sentimita moja?"

"Shusha hiyo hiyo moja."

Salha alipoivaa, chini ya sketi iliyopauka palitokeza ukanda mwembamba wa buluu iliyokolea, kitambaa kisichowahi kuona jua. Mama alipiga magoti akaupapasa kwa kidole gumba, na Salha akawa anageuka taratibu ili kidole kizunguke ukanda wote.